Antena ya Vijiti Vinane

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Pindo. Hakuwahi kuzaa mtoto wa jina hilo. Ni kwa kuwa hakuna aliyemshinda kupinda upindo wa suruali. Ukimpelekea suruali asubuhi, jioni unaivaa na hujui uzi umepita wapi. Miaka thelathini na minne alikaa nyuma ya cherehani ileile nyeusi, kwenye baraza ya mbele ya nyumba yake, na tepu ya kupimia ilimkaa shingoni hata akienda sokoni. Mumewe alimtania kwamba siku akifa azikwe nayo, asije akashindwa kuwapima malaika kanzu.

Mumewe huyo alikuwa seremala, na hakuzaliwa akisikia. Maneno yake yote yalikuwa mikononi. Shule ya watu wasiosikia haikuwapo karibu wakati wa utoto wake, kwa hiyo lugha ya nyumba ile waliitunga wenyewe, yeye na mkewe, neno moja moja, mwaka hadi mwaka, kama watu wanaojenga kibanda kwa mbao za kuokota. Mwaka uliopita kiharusi kilimpitia upande wa kulia. Uhai kilimwachia, ila kiliondoka na nusu ya maneno yake. Mkono wa kulia ulimlalia mapajani kama mkono wa koti lisilo na mtu ndani. Sasa Seremala alizungumza kwa mkono wa kushoto tu, na nusu iliyobaki mkewe aliikisia. Mara nyingine alikisia vizuri. Mara nyingine mzee aliomba chumvi akaletewa soksi.

Walikuwa na watoto wawili. Mkubwa alikuwa dereva wa lori, na wakati huo alikuwa safarini. Mdogo, kitindamimba, alijua kusema kwa mikono kabla hajajua kusema kwa mdomo. Huyo alikwenda mji wa mbali akasomea lugha ya alama, ile ya shuleni yenye vitabu na mitihani, na Jumatatu moja alipiga simu huku pumzi zikimkimbia.

"Mama, Jumamosi saa nne asubuhi nitatokea kwenye televisheni! Kipindi cha afya. Nitasimama pale pembeni chini, natafsiri kwa mikono."

"Wewe? Uso wako huo huo?"

"Uso wangu huo huo. Ni siku ya majaribio. Lakini Mama, sikiliza. Nataka Baba anitazame, halafu aniambie kama nafaa. Wakubwa wa huku watasema yao. Mimi mwalimu wangu wa kwanza ni yeye. Asiponiona sitatulia, hata wakinichukua."

Mama Pindo alikata simu akamgeukia mumewe, akamweleza kwa mikono. Seremala alimwomba arudie. Aliporudia, mzee alitazama kona ya chumba ilipokaa televisheni yao, imefunikwa kitambaa cha maua, na uso ukamshuka. Televisheni ile ilikuwa haijaona picha tangu mafundi wa paa walipokuja kubadilisha mabati, wakaikanyaga antena ikawa kama uma uliopitiwa na gari.

Antena ya dukani waliijaribu. Waliizungusha chumba kizima, wakaipandisha juu ya kabati, wakaitoa dirishani, haikushika hata mkwaruzo. Wakairudisha. Simu ya mkwe wao nayo waliijaribu kwa kipindi cha siku nyingine. Yule mtu wa pembeni alikuwa mdogo kama punje ya mchele, vidole havionekani, na kila baada ya dakika moja picha iliganda. Seremala aliitazama, akaitazama, kisha akamrudishia mkwe simu yake kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa chakula akakuta sahani tupu.

Mkwe huyu, mke wa yule dereva wa lori, alikuwa mwalimu wa hesabu. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mama mkwe wake. Jumanne alitoka shuleni akapitia pale barazani, kompyuta ya mkoba kwapani.

"Mama, shikamoo. Antena tutaunda wenyewe. Ila kabla hatujakata kitu, naiunda kwanza humu."

"Marahaba. Humu wapi?"

"Kwenye kompyuta. Naunda mfano wake. Naiambia kila kijiti kina urefu gani, na kutoka hiki hadi kile ni umbali gani, yenyewe inaniambia itashika vipi."

"Kwa hiyo ni antena ya hewa."

"Ni antena ya hesabu, mama."

Mama Pindo alisogeza miwani puani akachungulia. Aliona kitu kama mfupa wa samaki uliokwisha kuliwa: uti mmoja katikati na vijiti vinane vimeukata kwa upana, kirefu nyuma, vifupi mbele. Mwalimu akabonyeza mahali, na juu ya ule mfupa likavimba dude la rangi, nene upande mmoja na jembamba upande mwingine.

"Na hilo biringanya je?"

"Ndiyo macho ya antena. Hapa penye unene ndiko inakoona. Nyuma haioni kitu."

"Macho kwenye kitambi?"

"Ndivyo, mama."

"Na biringanya lenyewe nitalifunga na nini? Waya?"

"Halifungwi. Halipo. Ni la kuonyesha tu."

Mama Pindo akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena. Biringanya lilikuwa palepale. Kitu kipo, lakini hakipo. Kina macho, lakini ni tumbo. Kichwa kilianza kumzunguka kama pia. Mwanadamu hakubali kushindwa na mkwewe siku ya Jumanne mchana kweupe, kwa hiyo alikodoa macho kwenye ile mistari na zile namba zilizopangwa ubavuni, sentimita hizi na sentimita zile, mpaka moyo ukamtulia. Kumbe alikuwa akivijua vitu hivi! Kabatini mwake zilijaa karatasi za kaki zenye mistari na namba kama hizi: mgongo wa shati, mkono wa gauni, kola.

"Aa! Nimeelewa. Huu ni mchoro wa kukatia."

"Hasa!" Mwalimu alifurahi, maana mara nyingi wanafunzi wake hawakufika hata hapo. "Ni mchoro wa kukatia. Ukiufuata sawasawa, antena itatukaa."

"Basi niandikie vipimo. Kukata ni kazi yangu."

Mwalimu akaandika. Kijiti cha nyuma sentimita ishirini na tano. Kinachofuata, kile cha kufungiwa waya, ishirini na tatu na nusu. Cha tatu ishirini na mbili, na vingine vikipungua kidogo kidogo mpaka cha nane, ishirini na nusu. Akaandika na umbali wa kila kimoja na mwenzake.

Jumatano na Alhamisi baraza ile ilikuwa karakana. Mama Pindo alilifumua tundiko lake la zamani la kutundikia nguo za wateja, lililokuwa la mabomba membamba ya alumini. Seremala alitafuta mti wa katikati. Alichagua ubao mwembamba mkavu, akaunusa, akaupima kwa jicho, akaupiga randa kwa mkono wa kushoto huku mkewe amemshikia upande wa pili. Maranda yakawaangukia miguuni. Tangu kiharusi hakuwahi kushika randa. Alitoboa matundu manane kwa umbali ulioandikwa, na kila tundu moja alilipuliza vumbi kama anayepuliza mshumaa. Alipomaliza alichoka, akaenda kulala. Mkewe akabaki na mabomba, tepu, chaki na msumeno wa chuma, akakata vijiti vyote peke yake.

Ijumaa mchana vijiti vilikuwa vimepita kwenye matundu, vimekazwa kwa kabari ndogo, na waya umefungwa kwenye kile cha pili. Ilikuwa antena nzuri hata kwa macho. Waliipandisha kwenye nguzo ya bomba nje ya dirisha, wakaielekeza kwenye mlima wa minara, ng'ambo ya kiwanda cha matofali. Minara yote ya televisheni ilisimama mlima huohuo, kwa hiyo hapakuwa na ubishi waielekeze wapi. Kinyozi, jirani wa mlango wa pili, alimwacha mteja na povu shavuni akaja kusimama mikono kiunoni.

"Mama Pindo! Siku hizi unashonea mawingu?"

"Nashonea wenye midomo mirefu. Sogea usinizibie."

Ndani, Mwalimu aliwasha king'amuzi, kikaanza kutafuta. Seremala alikaa kwenye kiti chake, mita moja tu kutoka kwenye kioo, shati limepigwa pasi ingawa siku yenyewe ilikuwa bado. King'amuzi kilitafuta, kikatafuta, halafu picha ikatokea, safi kama imeoshwa. Mtu alikuwa akieleza namna ya kumkamua ng'ombe mkaidi.

Mama Pindo akapiga kigelegele. "Imeshika! Tafuta ya mwanangu."

Mwalimu akasogeza. Stesheni ya nyimbo ilikuwapo. Ya wanaume wanne wanaogombania mpira uliokwisha kuchezwa ilikuwapo. Moja ilikuwa ya watu wanaosema lugha ambayo hakuna aliyeitambua, nayo ilikuwapo, tena inang'aa kuliko zote. Ile ya kipindi cha afya haikuwapo. Kioo kiliandika "Hakuna mawimbi" kisha kikawa cheusi.

"Haiwezekani," alisema Mwalimu. Akafungua kompyuta. "Mfano unasema hii ndiyo tungeishika kuliko zote. Nimeipigia hesabu hii hii!"

"Labda hawajafungua duka," Kinyozi alisema dirishani.

"Kwako inashika hiyo, kaka?" Mwalimu aliuliza.

"Kwangu inashika tangu asubuhi. Ila kwangu kioo kimepasuka, naona miguu tu."

Walijaribu kila kitu. Waliipandisha, wakaishusha, wakailaza ubavu. Mwalimu alirudia hesabu zake zote kwenye daftari, kisha akachungulia nje.

"Mama, kijiti cha tatu kina urefu gani?"

Mama Pindo, juu ya ngazi, akaweka tepu. "Ishirini na mbili."

"Cha nane?"

"Ishirini na nusu."

"Cha nyuma?"

"Ishirini na tano kamili. Mwanangu, mimi nakosea kupika, sikosei kupima."

Namba zilikuwa zilezile za mchoro. Mwalimu akajikuna kichwa mpaka kalamu ikaingia kwenye nywele ikapotelea humo. Ikiwa mchoro ni sawa, na vipimo ni sawa, na mlima haujahama, basi kosa liko wapi?

Hapo ndipo Kinyozi alipochoka kungoja, akaikamata nguzo akaizungusha kama anayekoroga chungu. Ndani Seremala akaruka kitini, akapiga goti kwa kiganja. Stesheni ya afya! Ilitokea imekatika vipande vya mraba kama sakafu ya vigae, mtu ana pua kwenye paji la uso, kisha ikapotea.

"Umefanya nini?" Mwalimu alipaza sauti.

"Sijui! Nimeizungusha tu!"

Mwalimu na Seremala wakatoka nje kutazama. Antena ilikuwa imeupa mlima kisogo. Ilikuwa inatazama choo cha jirani.

Mama Pindo alitazama antena, akautazama mlima, akakitazama choo. "Kwani mwanangu wanamrushia huko?"

Ng'ombe alionekana ukiutazama mlima. Stesheni ya mtoto ilionekana, tena nusu nusu, ukiupa mlima mgongo. Mwalimu aliondoka bila kuaga vizuri, na mama mkwe wake alimwona akitembea huku anahesabu kwa vidole. Seremala aliuliza kwa mkono: kesho nitamwona? Mkewe akafanya ishara ya "ndiyo", lakini mkono wake haukukaa sawa, na mzee aliujua mkono ule miaka thelathini. Akageuza uso.

Jumamosi saa mbili asubuhi Mwalimu alirudi. Macho yalikuwa mekundu. Hata chai hakunywa.

"Mama, samahani, sitaki uone kama sikuamini. Naomba tuishushe antena, nipime mwenyewe."

"Pima, mwanangu. Tepu hii hapa." Akaivua shingoni akampa, na kuivua kulimpa baridi, kama aliyevuliwa kilemba.

Waliilaza antena juu ya meza ya kukatia. Mwalimu akaweka mwanzo wa tepu kwenye ncha moja ya kijiti cha tatu, akainyoosha hadi ncha ya pili. Akaigeuza tepu akapima kwa upande mwingine. Akapima cha nane. Akapima cha nyuma.

"Mama, hiki ni ishirini na nne na nusu."

"Ishirini na mbili."

"Tazama mwenyewe. Ncha hadi ncha."

"Mbona unapima ncha hadi ncha?" Mama Pindo alimshangaa mwalimu mzima. "Pima mstari hadi mstari. Si unaona nilivyopiga chaki? Huku ndani ndiyo kipimo. Hii ya nje ni nafasi ya mshono."

Mwalimu akaiweka tepu mezani.

"Nafasi ya mshono," Mwalimu alirudia polepole.

"Sentimita moja na robo, huku na huku. Mchoro haukuonyesha, nikajua umenichorea bila nafasi kama wachoraji wengi. Nguo ukiikata juu ya mstari umekwisha, mwanangu. Utaishonea wapi? Nikakuongezea."

"Mama. Na huu mshono ungekuwa wa kushona nini?"

Mama Pindo akafungua mdomo. Akakitazama kijiti. Akaugeuza ule ubao, akatafuta kwa vidole mahali ambapo ncha ile ingekunjwa, au ingeunganishwa na ncha nyingine, au ingepigwa upindo. Hapakuwa na mahali. Kijiti kilianza hewani kikaishia hewani. Tangu Jumatano hakujiuliza swali hilo hata mara moja, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umelijibu kabla kichwa hakijaamka.

"Ala," alisema.

Mwalimu tayari alikuwa ameinamia kompyuta. Aliufungua mfano wake, akaondoa ishirini na mbili akaweka ishirini na nne na nusu, akaongeza kila kijiti vivyo hivyo. Akabonyeza. Biringanya likasinyaa, likasita, kisha likageuka. Kitambi kikahamia nyuma.

"Mungu wangu. Tazama! Kwa stesheni yetu, antena yako inaona kwa kisogo. Ndiyo maana jana!" Akacheka huku anashika kifua. "Kila stesheni ina urefu wa wimbi lake, mama, kama kila mtu ana kiuno chake. Hizi za ng'ombe na mpira zina viuno vipana. Ya wifi yangu ni nyembamba."

"Yaani nimemshonea mtu mwingine."

"Umemshonea ng'ombe."

Seremala alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu. Mkewe akamweleza, ishara moja baada ya nyingine: mstari, nje ya mstari, nafasi, mshono. Mzee alielewa mara moja. Fundi mbao hukata juu ya mstari. Hajui habari ya nafasi. Mabega yakaanza kumtikisika, kicheko chake kisicho na sauti kikamshika mpaka akakalishwa kwenye kigoda.

"Cheka," mkewe alisema kwa mdomo na kwa mikono. "Cheka, lakini saa ni ngapi?"

Saa ilikuwa mbili na dakika arobaini. Vijiti vinane, ncha kumi na sita.

Waliibana antena kwenye jiliwa ya Seremala isicheze, na Mama Pindo akashika msumeno. Ncha ya kwanza ilimtoa jasho, si kwa ugumu. Maisha yake yote hajawahi kukata nafasi akaitupa. Wateja hunenepa, watoto hukua, na siku moja mtu hurudi akasema, Mama Pindo, nifumulie kidogo, na wewe unakuta sentimita zake zinamsubiri ndani. Hiki kijiti kikikatwa hakina siku ya kufumuliwa. Seremala aliuona mkono wake unasita. Akauweka wake wa kushoto juu ya msumeno, wakasukuma pamoja. Kipande kikaanguka kikalia ting'. Baada ya hapo alikata bila kutazama nyuma, Mwalimu akipima kila ncha na kusugua makali kwa tupa, na vipande kumi na sita vikatapakaa sakafuni kama meno ya mamba.

Saa nne kasoro dakika kumi antena ilirudi kwenye nguzo. Kinyozi alishika nguzo kwa mikono miwili bila kuambiwa. King'amuzi kikatafuta. Ng'ombe hakuwapo tena. Wanaume wa mpira hawakuwapo. Kioo kikawa cheusi, kikakaa cheusi, kisha rangi zikamwagika na mwanamke mwenye kilemba cha kijani akasema, "Habari za asubuhi, mtazamaji."

Na pale pembeni chini, ndani ya kiduara, mkubwa kama kiganja kizima, alikuwa kitindamimba wao. Amevaa blauzi nyeusi. Amebana nywele.

Kipindi kilikuwa cha minyoo.

Daktari aliyekaribishwa alieleza minyoo inavyoingia, inavyokaa, inavyotoka. Mikono ya binti ilikwenda naye, juu, chini, upande, upesi upesi. Mama Pindo alitazama akalia, akajifuta, akatazama tena. Mwalimu alipiga makofi. Ni baada ya dakika kadhaa ndipo Mama Pindo alipomtazama mumewe.

Seremala alikuwa amejisogeza mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni. Uso ulikuwa umejikunja, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa na mwanawe kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Anasema nini? aliuliza kwa mkono.

Mama Pindo akaduwaa. Wewe huelewi?

Mikono hii si ya hapa, mzee alisema. Hili silijui. Na hili silijui. Ni mikono ya nani?

Hapo ndipo ilipomwingia. Mtoto alisomea ile ya vitabu. Siku zote akija likizo alisema na babaye kwa lugha ya nyumbani, wala hakuna aliyewahi kuona ile nyingine. Mama Pindo akasimama kando ya kioo, akaanza kusikiliza daktari kwa masikio na kumtafsiria mumewe kwa mikono yao ya kale. Lakini "minyoo" hawakuwahi kuitungia neno. Akachezesha kidole. Mzee akauliza: nyoka? Hapana, mdogo. Nyoka mdogo? Ndani ya tumbo. Nani kala nyoka? Mama Pindo akatazama kioo apate msaada, akamkuta binti anafanya jambo jingine kabisa, akachanganyikiwa mikono ya kufuata ni ipi. Mzee akampungia kwa kushoto: toka, toka, unamziba. Akatoka. Mzee akatazama kipindi chote peke yake, bila kupepesa, haelewi, mpaka mwanamke wa kilemba akaaga.

Simu ikaita papo hapo.

"Mama! Aliniona?"

"Amekuona, mwanangu. Sote tumekuona. Ulivyopendeza..."

"Amesema nini?"

Mama Pindo alishika simu kwa bega. Maneno matamu yalikuwa tayari mdomoni, yamepigwa pasi: babako amefurahi, anasema umefaa sana. Nani angejua? Lakini Seremala alikuwa amemkazia macho, anafuata midomo yake. Akamwambia kwa mikono: anataka jibu lako.

Mzee hakukawia. Kushoto kulisema, na mkewe akakisoma kila kipande bila kuongeza wala kupunguza, maana siku ile alikuwa amekoma kuongeza.

"Anasema umesimama vizuri. Anasema hujikuni uso. Anasema... anasema hakuelewa. Hata robo. Anasema nikwambie hivyohivyo."

Sauti ya binti ikatoka ndogo: "Hata kidogo, Mama?"

Mama Pindo hakuwa na haja ya kuuliza. Mzee alikuwa ameuona uso wake. Aliinua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akakiweka juu ya mkono wake wa kulia uliolala mapajani, na kidole kikaanza kutambaa: kikakunjika, kikanyooka, kikakunjika, kikapanda kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko. Akamtazama mkewe. Akafanya tena.

"Sasa hii ni nini tena?" Mama Pindo alisema. "Mwanangu, ananifanyia kitu sikijui. Hakipo kwetu."

"Anafanyaje? Nieleze."

"Kidole kinatambaa. Juu ya mkono. Kinajikunja kama... ngoja, anarudia... kama anayepanda ngazi kwa tumbo."

Simu ikapasuka kwa kicheko chenye machozi ndani. "Mama! Hiyo ni minyoo! Amesema minyoo!"

"Minyoo?"

"Ile ya shuleni! Ameipata kwangu sasa hivi! Mwambie ni sawasawa kabisa."

Mama Pindo akamwambia mumewe: sawa. Seremala akatikisa kichwa mara moja, kama fundi aliyepokewa ubao bila kasoro, na hakungoja. Akafanya nyingine, ya vidole vitatu vinavyogonga kidevu, akanyoosha mkono kwenye simu: na hii?

"Na hii je," Mama Pindo alisema, simu ikimteleza begani, "vidole vitatu, kidevuni, halafu sijui vinakwenda wapi, mume wangu usiende mbio! Vimekwenda pembeni. Hapana, juu. Mwanangu, kuna kitu huko kwenu kinachoanzia kidevuni?"